Mzee Amesema

Jioni moja ya matanga Walter Owiti, mmoja wa wapangaji, alisimama uani, akafunga vifungo vya koti lake la kazini, akakohoa kidogo ili kina mama waliokuwa wakimenya viazi wanyamaze, kisha akatangaza kwamba katika maisha yake yote hajapata kuona kiongozi kama marehemu Kisilu.

"Mimi ni mtu wa reli," akasema. "Nimekuwa chini ya mabosi wa kila rangi, na wote walikuwa watu wa kelele. Lakini Kisilu! Mtu wa maneno machache. Miaka miwili ametawala ploti hii akiwa kitandani, na hakuna hata mmoja wetu aliyemsikia akipaza sauti!"

Watu wakapiga makofi. Nthoki, mjane wa Kisilu, alikuwa ameketi kwenye mkeka kando ya mlango, leso imemfunika mabega, na makofi yale aliyasikia yakipita juu ya kichwa chake. Maneno machache! Machache yapi? Tangu kiharusi kimwangushe, Kisilu hakuwa na neno hata moja. Ulimi ulilala pamoja na upande wote wa kulia. Alibakiwa na sauti moja tu, "ee", na hiyo hiyo ndiyo ilikuwa njaa, ndiyo ilikuwa kiu, ndiyo ilikuwa nigeuze nimechoka kulalia upande huu. Wa kutawala ploti nzima ya wapangaji katika mtaa wa Mowlem kwa "ee" bado hajazaliwa.

Lakini sifa ziliendelea kumiminika. Eti mzee ndiye aliyepanga zamu za mfereji, wapangaji wakaacha kupigana kwa mitungi. Eti mzee ndiye aliyeamua kila ghorofa iwe na siku yake ya kuanika nguo. Nthoki aliyasikia mambo yake mwenyewe yakitajwa moja baada ya jingine, yakivishwa suruali na kofia ya mumewe, na kila mara watu waliitikia kwa huzuni, "Kweli kabisa."

Kisha akasimama Shire, fundi cherehani wa chumba cha karibu na lango. Yeye hakuwa msemaji. Alishika tepe yake ya kupimia nguo shingoni kama anayetaka kitu cha kujizuilia, akasema, "Mzee Kisilu alinipa mahali pa kukaa wakati watu hawakutaka nikae. Wallahi sitamsahau." Akaketi, machozi yanamtiririka. Na hapo ndipo Nthoki alipohisi kitu kikimpanda, akadhani ni kilio, na wenzake nao wakadhani ni kilio, wakamsogelea na kumshika mikono. Hakikuwa kilio. Zilikuwa hasira, tena zile za kumfanya mtu atake kutupa sufuria.

Hebu turudi nyuma kidogo ionekane alivyojiingiza mwenyewe katika mtego ule.

Kwao kijijini Mwala, kina mama wanapokutana kulima shamba la mmoja wao, anayeongoza hapigi mtu kelele. Anashika jembe kwanza, anawatazama wenzake, anauliza kwa upole, "Sijui tuanzie wapi?" Na wote wanajua hilo si swali. Mama yake Nthoki aliongoza kundi la namna hiyo hadi alipozeeka, na hakuna aliyewahi kumwuliza amepewa na nani ruhusa. Nthoki alikuja Nairobi na ulimi wa mama yake. Kisilu, aliyekuwa dereva wa lori, alipoacha barabara na kupewa kazi ya kuwa msimamizi wa ploti, keateka kama wote wanavyosema, familia ikapata na chumba cha chini cha kuishi bila kodi. Lakini kazi yenyewe ilimshika nani? Mzee alikuwa soko la Burma, anakula nyama na marafiki zake wa zamani wa lori. Mtaro ulipoziba, mlango uliogongwa ulikuwa wa Nthoki.

Siku ya kwanza kabisa maji machafu yalikuwa yanakaribia vizingiti. Wapangaji walikusanyika. Nthoki akachukua fito, akauliza kwa ule upole wa kwao, "Sijui tuanzie upande wa juu, mnaonaje?" Wakamtazama tu. Huku mjini ukiuliza "mnaonaje" watu wanaamini hujui kitu. Owiti mwenyewe akamwita kwa jina la binti yake, akasema, "Mama Wavinya, wacha tumngoje mzee." Basi wakasimama kumngoja mzee, wanaume wazima, mikono mifukoni, uchafu unawapanda kwenye viatu.

Nthoki aliingia chumbani, akakuta kitanda kitupu, akaketi. Akatazama pazia kwa kitambo. Akatoka nje akasema, "Mzee amesema tuanzie upande wa juu."

Lo! Fito ikapokonywa mikononi mwake. Mara mtaro ukazibuliwa, mara mtu akaleta majivu ya kumwaga. Hakuna aliyeuliza mzee ameingia saa ngapi na kwa dirisha gani. Usiku ule Nthoki alimsimulia mumewe, wakacheka mpaka mtoto akaamka. Ilikuwa ni mchezo. Tangu siku hiyo, akitaka jambo lifanyike anaingia ndani, anakaa kidogo, anatoka na mzee amesema. Na mzee akirudi kutoka Burma anauliza, "Leo nimesema nini?" ili asije akaumbuka.

Mwaka wa tisini na moja kiharusi kilipokuja, mchezo ukaisha na kazi ikabaki. Wapangaji walikuja kumwona mgonjwa, wakaleta mikate na maziwa, wakamwona amelala kimya na kuondoka wakinong'ona. Mwenye ploti angesikia kwamba keateka hawezi kuinuka, chumba kingeenda. Kwa hiyo Nthoki alivuta pazia akasema mgonjwa hapendi kelele, ila akiwa na mkewe peke yao hunong'ona kidogo. Wakaridhika. Akawa anaingia, anaketi kitandani, anamweleza Kisilu shida ya watu kama ilivyo. Kisilu anamsikiliza huku anatazama dari. Wakati mwingine alimbana vidole kwa ule mkono mzima, na Nthoki alijua maana yake ni kwamba, mama, endelea. Siku nyingine machozi yalimtoka tu. Mume wake hakumwibia kitu, hilo Nthoki alilijua na hakuwa na kinyongo naye. Walioiba walikuwa uani.

Na jambo la Shire lilitokea siku hizo hizo. Ilikuwa misimu ya askari kugonga milango alfajiri wakiuliza Wasomali vitambulisho. Shire alizaliwa Kenya, kitambulisho anacho, lakini nani alikuwa na subira ya kukisoma? Wapangaji wakaja kwa keateka. Owiti ndiye aliyewasemea, kwa ile sauti yake ya stesheni. "Sisi hatuna ubaya na Shire. Lakini askari wakimfuata hapa watatuvunjia milango wote. Aondoke kwa amani kabla ya Jumapili."

Nthoki aliwauliza kama wamewahi kukosewa na Shire. Wakasema, "Mama, hayo ni mambo ya wazee." Akaingia ndani. Siku hiyo hakukaa kidogo. Alifumba macho akayapanga maneno moja moja, kwa sababu alijua kwamba akitoka na neno lake wangemfukuza Shire na pengine na yeye. Akatoka akasimama mlangoni. "Mzee amesema Shire haondoki. Amesema askari wakija, kila mmoja wenu atoke aseme huyu ni jirani yetu. Na asiyetaka kusema hivyo, yeye ndiye ahame." Owiti akakuna shingo, akasema, "Kama mzee amesema." Askari walipokuja walikuta uani pamejaa majirani, wakatazama kitambulisho wakaenda zao.

Hilo ndilo Shire alilolilia kwenye matanga, na ndilo Owiti alilolipigia makofi kuliko wote.

Walimzika Kisilu kule kule Mwala, alikotoka yeye pia, na Nthoki akarudi na binti yake Wavinya katika chumba kile kile. Maji yalikuwa hayajafika kwa siku kadhaa. Asubuhi yalipoanza kutiririka, foleni ilijipanga ovyo ovyo, na Nthoki akatoka akasema kama kawaida kwamba leo zamu inaanza na ghorofa ya juu, kwa vile mara iliyopita walikosa. Kitu kimoja tu ndicho hakukisema. Kijana Naftaly, fundi wa redio, akamgeukia, mtungi mkononi.

"Mathe, na hiyo ni oda ya nani?"

"Ni mimi nasema."

"Ah, mathe, usijam, usikasirike. Mbuyu, mzee wako, akisema tulikuwa tunafanya. Saa hii tungoje tujue keateka ni nani."

Wengine wakacheka, si kwa ubaya, na mwenye nguvu akajaza kwanza. Amri ilikuwa ile ile. Sauti ilikuwa ile ile. Hata leso ilikuwa ile ile. Ni mwili wa mgonjwa tu uliokuwa umeondolewa chumbani, na kumbe wapangaji walikuwa wanautii huo mwili.

Siku zilizofuata Nthoki akajaribu njia ya wanaume. Alisimama katikati ya uani akapaza sauti kwamba atakayemwaga maji machafu kwenye ngazi atayapangusa mwenyewe. Alipaza hasa. Alijua wakati huo kwamba Owiti humfokea kila mtu, akiwemo mkewe Amondi na watoto wa jirani, na watu husema, "Huyo ana msimamo." Je, yeye aliambiwa ana msimamo? Thubutu! Jioni hiyo Amondi alimletea uji akamketisha kama mgonjwa. "Pole, Mama Wavinya. Tunaelewa. Majonzi yanamfanya mtu awe mkali." Akiwa mpole hasikiki, akiwa mkali anapewa uji. Sasa aseme kwa mdomo upi?

Jumamosi Njoki akaja. Njoki ndiye mwenye ploti. Aliachiwa na marehemu mumewe, na hakuja kamwe bila kaka yake. Kaka mtu ndiye aliyesema na wapangaji, ndiye aliyetikisa funguo, ilhali hakujua hata choo kiko upande gani. Safari hii Njoki alimwacha nje, akaingia kwa Nthoki, akafunga mlango.

"Mama Wavinya, tusifichane," akasema. "Mimi nilijua. Nilikuja siku moja ukiwa sokoni, nikamwamkia mzee, Mungu amlaze pema, akaniambia 'ee'. Nikamwuliza habari za paa, akaniambia 'ee'. Nikaelewa ploti yangu inaendeshwa na nani. Sikusema kitu kwa sababu ilikuwa inaendeshwa vizuri."

Moyo wa Nthoki uliruka kwa furaha. "Basi niachie kazi. Waambie kesho, mbele yao wote."

Njoki akatikisa kichwa. "Wakikukataa nitafanya nini? Tafuta mwanamume. Huna shemeji? Yule Muoki anayekata nyama Burma, mlete tuweke jina lake. Alale hapa, asilale, shauri yake. Wewe endelea kama ulivyozoea, na chumba kibaki chako na mtoto. Ukikosa mtu, nitampa Owiti. Watu wanamsikia."

"Muoki hajui hata jina la mpangaji mmoja!"

"Na huyo wangu hapo nje anajua? Unadhani nampenda sana hata nimtoe kwake kila mwezi na kumlipia chakula? Nikiwaambia mimi walipe kodi, wananiuliza watoto hawajambo. Akiwaambia yeye, wanalipa."

"Na wewe unakubali hivyo?"

"Ninakubali kila mwezi," Njoki akasema, akainuka, akajikung'uta sketi. "Kesho baada ya kanisa nataka jina."

Nthoki hakukasirika na mtu yeyote maishani kama alivyomkasirikia Njoki saa hiyo. Owiti angalau hakujua. Huyu alijua, alikuwa na karatasi ya ploti mkononi mwake, na bado alikuwa anajificha nyuma ya suruali ya kaka yake na kumwalika mwenzake waje wajifiche pamoja! Lakini chumba kilikuwa chumba. Wavinya alikuwa karibu kufanya mtihani wa darasa la nane. Muoki angekubali kwa kilo moja ya matumbo. Ingekuwa rahisi sana, kuingia ndani, kukaa kidogo, kutoka na Muoki amesema. Alilifikiria hilo jina Muoki likitamkwa na yeye kila siku mpaka uzeeni, na kwenye matanga ya Muoki watu wakilia kwa ajili ya hekima yake, akaapa kwamba halitamki.

Jumapili wakakusanyika. Kaka yake Njoki akaamkia watu, akauliza kama familia ya marehemu ina jina la kupendekeza. Nthoki akasimama. Hakupaza sauti na wala hakuuliza mnaonaje.

"Jina ni langu," akasema. "Kisilu hakutamka neno tangu aanguke. Zamu za maji ni mimi. Kamba za nguo ni mimi. Mliyokuwa mnayatii miaka miwili ni maneno yangu. Yalikuwa mazuri mlipodhani ni yake. Sasa yameharibikia wapi?"

Wa kwanza kujibu alikuwa Owiti, na sauti yake kwa kweli ilikuwa ya huzuni, maana aliamini anachokisema. "Mama, sisi tunakuheshimu. Lakini usimvue marehemu nguo mbele ya watu. Hata udongo haujakauka! Mzee wetu alikuwa kiongozi, na sote ni mashahidi." Wapangaji wakaguna kumuunga mkono. Njoki alikuwa anatazama paa. "Shire," Owiti akaendelea, "wewe ndiye uliyeokolewa. Sema hapa. Ni nani aliyekuokoa?"

Shire akasimama polepole. Alimtazama Nthoki, na Nthoki akaona katika macho yale kwamba anajua. Hakuna shaka yoyote. Kisha akawatazama majirani mmoja mmoja, wanaume kwa wanawake, akainamisha kichwa.

"Ni Mzee Kisilu," akasema. "Mungu amrehemu."

Basi kazi ikaenda kwa Owiti, wakampigia makofi, naye akatoa hotuba nzuri. Nthoki akapewa mpaka mwisho wa mwezi kuhama, na walikuwa wema sana kwake. Amondi alileta uji tena. Binamu yake aliyekaa mtaa wa Umoja alikuwa na chumba cha kugawana.

Siku ya kuhama, mkokoteni ukiwa umesimama langoni, Shire alikuja akasimama kizingitini bila kuingia. Nthoki aliendelea kufunga vyombo.

"Siku ile pazia halikufika mwisho," Shire akasema kwa sauti ya chini. "Nilikuwa nimesimama hapa kungoja kusikia kama nitafukuzwa. Nilikuona umekaa pale, umefumba macho. Mzee alikuwa amelala. Nilijua tangu siku ile, Mama."

Nthoki akaacha kamba aliyokuwa anaifunga. "Na ukanyamaza. Kwenye matanga ukalia kwa ajili yake, na juzi ukaniangusha mbele ya watu wote. Nilikukosea nini, Shire?"

"Hukunikosea kitu. Lakini ningesema ni wewe, wangesema, kumbe mzee hakuwahi kuamua tukae na huyu. Ingekuwa ni mama tu ndiye aliyesema." Akageuka kutazama chumba chake karibu na lango. "Mimi nakaa hapa kwa neno la Mzee Kisilu, Mama Wavinya. Nina watoto watatu. Kwa neno lako singekaa hata wiki."

Nthoki alitamani kumtukana, akatafuta tusi la kutosha, akalikosa. Lililomuuma zaidi ni kwamba Shire alikuwa amesema kweli, na kwamba angekuwa yeye mwenye watoto watatu na lafudhi ile ya Kisomali, pengine angemtaja Kisilu pia. Kule mfereji ulipo Owiti alikuwa anamfokea mtu kuhusu mtungi, na watu walikuwa wanatii.

"Na huyu?" akauliza, akionyesha kwa kidevu. "Ndiye aliyekupa mpaka Jumapili, umesahau? Askari wakirudi, naye akisema uondoke, nani ataingia ndani akae, kisha atoke aseme unabaki?"

Nthoki alimngoja ajibu, akamngoja kweli, kwa sababu alitaka kusikia. Hatimaye Shire aliinama akashika upande mmoja wa kabati, Nthoki akashika wa pili, wakalitoa nje.